Mamba Si Mamba

Kwa Kiswahili, mamba ni yule wa meno,
anayelala ukingoni mwa Nile akijifanya gogo.
Kwa Kiganda, emmamba ni samaki.
Jina moja, viumbe wawili:
ndiyo maana siku hizi siamini majina.

Huyu wa kwetu ni mrefu kama mkono wa koti
na ana mapafu. Mweke kwenye beseni:
atapanda juu, agugumie hewa, ashuke.
Kinamasi kikikauka hujifukia topeni,
akajiviringisha ndani ya ute wake
na kungoja mvua bila kumlaumu mtu.

Mimi ni Nabbosa, wa ukoo wake.
Sijamla. Baba hajamla.
Mama, aliyetoka ukoo mwingine,
alimla kwao mpaka siku ya harusi,
kisha akamwacha mlangoni petu kama viatu.

Jumatatu kijana wa Kasenyi alileta watatu
katika ndoo ya rangi.
Nilikata ncha ya pezi, kiasi cha punje ya mchele,
nikaomba radhi kimoyomoyo,
nikawarudisha ziwani kwa bodaboda.
Dereva alinitoza nauli ya abiria wanne.

Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne tu:
A, C, G, T.
Kwetu C hatoki nyumbani bila H kumshika mkono;
humu anatembea peke yake,
mamilioni kwa mamilioni, wala hapotei.

Napanga mistari. Juu kabisa, mamba.
Chini yake ngege, chini yake sangara,
kisha chura wa mtaro wa Kajjansi,
kisha mimi: mate niliyotema kichupani
kabla ya chai.

Ni kama kuweka omuti juu ya mti,
amazzi juu ya maji,
ennyama juu ya nyama.
Zinapolingana, herufi zinanyamaza.
Zinapotofautiana, zinaanza kusimulia
tuliachana wapi.
Na pale penye pengo, kistari kitupu,
aidha mmoja alidondosha kitu njiani
au mwenzake alikiokota;
ukiwa na wawili tu, hutajua.
Lazima umwite wa tatu atoe ushahidi.

Alhamisi usiku kompyuta ikachora mti,
mti wa vijiti, usio na kivuli,
umelala ubavu.
Ngege na sangara walitangulia kutoka,
wakaenda zao pamoja.
Mamba akabaki upande wetu.

Nikaliwaza soko la Ggaba:
mamba na ngege juu ya meza moja,
nzi walewale, kisu kilekile,
bei inatajwa kwa pumzi moja.
Na kumbe ndugu wa karibu wa mamba, hapo mezani,
ni yule mama aliyeshika kisu.

Sikumpigia Baba simu kumwambia
kwamba mwiko umethibitishwa.
Mwiko haukuwa umeuliza.
Tuliachana miaka milioni mia nne na zaidi iliyopita;
waliouchagua ukoo hawakuwa na habari ya C,
na mti huu hauna habari ya ukoo.

Okwir, mwenzangu wa Lira,
aliuangalia mti huku bakuli lake liko wazi:
mamba aliyeungwa kwa karanga.
Kijiko kikasimama njiani.
"Kwa hiyo nakula binamu?"
"Wa mbali," nikasema.
"Na karanga?"
"Karanga naye. Wa mbali zaidi."
Akafikiri. Akatafuna.
"Ukoo huu, arusi zake nani atazichangia?"

Jioni umeme ukakatika, jenereta likakohoa, likawaka.
Nikafungua jokofu kuhifadhi vichupa viwili,
cha pezi na cha mate.
Unyevu ulikuwa umekula wino kwenye vifuniko.
Nikasimama pale, baridi ikinipanda mikononi,
nikivigeuza kwenye mwanga,
huyu, au huyu,
nikijitafuta.